Malcolm Campbell, Mtu Aliyeshindana na Hewa, Mchanga na Mpira

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha Fizikia katika shule moja ya upili mashambani, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Tulikuwa tumemaliza somo la kani na mwendo. Alitaka kujua kwamba, maadamu injini kubwa huliendesha gari kwa kasi zaidi, mbona mtu asitwae injini ya ndege, aitie katika gari, na kuushinda ulimwengu mzima kwa siku moja? Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka pamoja nao, kisha nikaahidi kurudi na jibu. Jibu lenyewe nililipata katika maisha ya Mwingereza mmoja, Sir Malcolm Campbell. Yeye aliitia injini ya ndege katika gari, tena si mara moja, na bado ilimchukua miaka zaidi ya kumi kufika alikotaka.

Campbell alizaliwa Machi 11, 1885, katika mji wa Chislehurst, jimbo la Kent. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa almasi, kwa hivyo mtoto hakulia njaa. Ni vyema nilitaje jambo hili mapema, maana wako waandishi wapendao kusimulia maisha ya watu mashuhuri kana kwamba wote walianza na shati moja. Huyu alianza na mashati mengi. Alipokua aliingia katika shughuli za bima mjini London, akatajirika kwa kuyauzia magazeti bima ya kuyakinga na hasara za kesi za kuchafuliana jina. Wahariri watanisamehe nikisema kwamba makosa ya magazeti ndiyo yaliyonunua baadhi ya petroli iliyochomwa katika kisa hiki.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa tayari akishindana kwa pikipiki na magari katika uwanja wa Brooklands. Jioni moja alitazama tamthilia ya Mbelgiji Maurice Maeterlinck kuhusu ndege wa buluu, alama ya furaha isiyoshikika. Ilimwingia moyoni kiasi kwamba alilipaka gari lake rangi ya buluu usiku huohuo, na tangu hapo kila chombo chake cha mashindano kikaitwa Blue Bird. Vita vilipozuka alikuwa tarishi wa pikipiki, kisha rubani wa kupeleka ndege kutoka kituo hadi kituo. Amani iliporudi, alikuwa na fedha, ujuzi kiasi wa mitambo, na hamu moja iliyomtawala, yaani kuwa mtu mwenye kasi kuliko wote juu ya ardhi.

Hapa ni lazima nieleze sheria ya mchezo wenyewe, kwa sababu bila kuielewa, mengine yote hayatakuwa na maana. Rekodi ya kasi ya ardhini haitolewi kwa kupita mara moja. Gari hupita katika kipimo, aghalabu maili moja au kilomita moja, kisha hugeuka na kupita tena kutoka upande wa pili kabla ya saa moja kwisha. Wastani wa safari hizo mbili ndio unaohesabiwa. Sababu ni wazi kwa mwanafunzi yeyote: upepo unaokusukuma ukienda utakupinga ukirudi, na mteremko wa kwenda ni mwinuko wa kurudi. Kwa hivyo haitoshi gari liwe jepesi wa mbio. Sharti liwe zima baada ya safari ya kwanza, na mafundi waweze kulibadilisha tairi, kulijaza mafuta na kulikagua huku saa ikihesabu.

Gari la kwanza aliloliendea mbio hizo lilikuwa Sunbeam lenye injini ya nguvu farasi 350. Kenelm Lee Guinness alikuwa ameshaweka rekodi nalo mwaka wa 1922, na Campbell akalipata baada yake. Hiyohiyo 1922 alilijaribu ufuoni Saltburn, Uingereza, akaishinda rekodi, lakini saa zilikuwa zimeshikwa kwa mkono na wakubwa wa mchezo wakakataa. Mwaka uliofuata alikwenda kisiwa cha Fanø, Denmark. Huko pia alienda kasi ya kutosha, na huko pia mitambo ya kupimia wakati haikukubaliwa. Alirejea Fanø mwaka wa 1924. Kabla ya mbio aliwaonya wasimamizi kwamba watazamaji walikuwa karibu mno na njia. Tairi moja la mbele lilichomoka garini likiwa katika mwendo mkali, likaingia katika umati na kumuua mvulana.

Campbell hakutiwa hatiani, kwa kuwa alikuwa ameonya. Hata hivyo, nilipofika hapa katika kusoma habari zake niliuweka kitabu chini. Sina budi kukiri kwamba mambo ya tairi yananigusa kwa njia isiyo ya kitaaluma. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa Hisabati, alifariki katika matatu aliyoabiri kwenda likizo ya Desemba. Tairi la mbele lilipasuka mteremkoni. Walionusurika walisema dereva hakuwa na pupa kuliko wenziwe. Tairi lenyewe ndilo lililokuwa gamba kuukuu lililobandikwa mpira mpya, na mpira huo ukabanduka. Tangu hapo sijaweza kulifundisha somo la mwendo wa mviringo kama mtu anayesoma orodha ya bei.

Tufanye hesabu, maana wasomaji wangu wengi ni walimu na wanafunzi. Tuchukue gurudumu ambalo nusu kipenyo chake ni nusu mita, na gari linalokwenda kilomita 484 kwa saa, yaani karibu mita 134.4 kwa sekunde. Gurudumu hilo linazunguka zaidi ya mara 2,500 kwa dakika. Mchapuko wa kila chembe ya mpira iliyo ukingoni ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa nusu kipenyo. Tukigawanya jawabu hilo kwa mvuto wa dunia tunapata zaidi ya mara 3,600. Kwa lugha nyepesi, kila gramu moja ya mpira inavutwa nje kwa kani sawa na uzito wa kilo tatu na nusu na ushei. Ndiyo maana tairi za rekodi hazikufanywa nene ili zidumu. Zilivikwa ngozi nyembamba sana ya mpira juu ya nyuzi, kwa sababu mpira mnene ungejing'oa wenyewe. Ni tairi za kutumika dakika chache na kuvuliwa. Mtu anayedhani tairi imara ni tairi nene huyaona mambo kinyume.

Septemba 25, 1924, yaani muda mfupi tu baada ya maafa ya Fanø, Campbell alipata rekodi yake ya kwanza katika ufuo wa Pendine, Wales. Alifikia kilomita 235.22 kwa saa na kuipita rekodi ya Ernest Eldridge kwa tofauti isiyofika hata nusu kilomita kwa saa. Julai 21, 1925, akiwa katika gari lilelile, alikuwa mtu wa kwanza kuvuka maili 150 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 241.

Pendine ulikuwa uwanja wa taabu. Maji yakitoka, mchanga huachwa ukiwa na mikunjo midogo kama bati la paa, na gari likipita juu yake kwa kasi hurukaruka. Mchanga ukiwa na maji mengi hushika magurudumu. Ukikauka mno, hulegea. Dereva na mafundi husubiri siku baada ya siku, na wakati ufaao ukifika wana saa chache tu kabla bahari haijarudi kudai haki yake. Wasomaji wa pwani wataelewa bila maelezo.

Kwa gari lililofuata Campbell alitumia injini ya ndege iitwayo Napier Lion, yenye silinda 12 zilizopangwa kwa safu tatu. Februari 4, 1927, hapohapo Pendine, lilifikia kilomita 281 kwa saa. Mwezi mmoja haukupita kabla mhandisi J. G. Parry-Thomas, ambaye ndiye aliyekuwa akiishikilia rekodi hiyo, kuja Pendine kuirejesha. Machi 3, 1927 alipinduka na gari lake Babs, akafa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mnyororo wa kuendeshea gurudumu ulikatika na kumpiga. Gari lilizikwa mchangani hapohapo, likafukuliwa mwaka wa 1969, na uchunguzi wa baadaye ukawafanya wengi waamini kwamba kilichoanza kuvunjika ni gurudumu la nyuma. Huo ni mfano mwema wa kuwaonyesha wanafunzi: jibu linaloridhisha watu kwa miaka 40 si lazima liwe ndilo sahihi.

Baada ya Pendine, Campbell alivuka bahari hadi ufuo wa Daytona, Florida, ambako Henry Segrave alikuwa ameshapita maili 200 kwa saa. Umbo la gari lilikuwa limebadilishwa baada ya mfano mdogo kujaribiwa ndani ya handaki la upepo. Februari 19, 1928 alifikia kilomita 333. Furaha hiyo ilidumu miezi miwili tu, maana Ray Keech, Mmarekani, alimpita kidogo.

Sasa nifike Afrika, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka wa 1929 Campbell alitafuta uwanja usio na mawimbi, akaambiwa kuhusu Verneuk Pan, uwanda mkavu katika jimbo la Cape, Afrika Kusini. Jina lenyewe, katika Kiafrikana, linahusu udanganyifu, kwa ajili ya mazigazi yanayoonekana pale wakati wa joto. Lau angelichukulia jina hilo kama onyo! Uwanda ulikuwa na mawe makali, nao vibarua walifanya kazi ya kuyaondoa na kuisawazisha njia ndefu chini ya jua kali. Majina yao sijayakuta katika kitabu chochote nilichosoma, ilhali jina la kila aina ya petroli limeandikwa. Ndege aliyosafiria Campbell ilianguka, akaumia. Kisha mvua ikanyesha mahali ambapo haikuwa kawaida kunyesha, na njia ikageuka tope. Akiwa bado anangoja, habari zikafika kwamba Machi 11 Segrave alikuwa amefikia zaidi ya kilomita 372 kwa saa kule Daytona. Campbell alijua kwamba gari lake halikuwa na uwezo huo.

Kulikuwa na adui mwingine asiyeonekana. Verneuk Pan iko mamia ya mita juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mahali pa juu ni nyembamba. Injini isiyo na mtambo wa kusukumiwa hewa hupumua kidogo huko, ikapoteza nguvu. Dereva yeyote wa lori aliyepanda kutoka Mombasa hadi nyanda za juu za Limuru ameuhisi upungufu huo miguuni mwake, hata kama hajawahi kuusoma darasani. Mwezi Aprili Campbell alishika rekodi za umbali wa kilomita 5 na maili 5, asije akarudi mikono mitupu. Ile kubwa hakuipata.

Kushindwa huko, kwa maoni yangu, ndiko kulikomfanya mwanafunzi. Hadi hapo alikuwa tajiri anayenunua nguvu. Baada ya hapo alimpa mhandisi Reid Railton kazi ya kulifikiria gari upya. Katika gari la mwaka wa 1931 mashine ya kupelekea nguvu kwenye magurudumu ya nyuma iliwekwa upande mmoja ili dereva akae chini kando yake badala ya kukaa juu yake. Gari likawa fupi kwa kimo, na hewa ikapata uso mdogo wa kugonga. Injini ya Napier ilitiwa mtambo wa kusukuma hewa. Februari 5, 1931 walifikia kilomita 396, na Campbell akatunukiwa jina la Sir. Februari 1932 wakavuka kilomita 408.

Basi mwanafunzi wangu atauliza tena: mbona wasiongeze injini? Waliongeza. Mwaka wa 1933 walitia injini ya Rolls-Royce aina ya R, iliyoundwa kwa ajili ya ndege za mashindano, yenye ujazo wa zaidi ya lita 36 na nguvu farasi zipatazo 2,300. Mnamo Februari 22, mwaka huohuo, gari lilifikia kilomita 438. Nguvu zilikuwa zimeongezeka kwa zaidi ya nusu, lakini kasi haikuongezeka hata kwa sehemu moja ya kumi. Zilikwenda wapi?

Sehemu moja ilipotelea mchangani. Magurudumu ya nyuma yaliteleza, yakizunguka kwa kasi kubwa kuliko mwendo wa gari lenyewe, kama matatu iliyokwama kwenye matope ya masika. Ukitaka yashike, ongeza uzito. Lakini ukiongeza uzito unazielemea tairi zilezile ambazo tumeona zikivutwa mara 3,600. Sehemu ya pili ililiwa na hewa. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu zinazohitajiwa kuushinda hukua kwa mchemraba wake. Anayetaka kwenda mara mbili ya mwendo wa jana sharti awe na nguvu mara nane. Hili ndilo jibu nililolipeleka darasani, na wala si la magari pekee. Ndilo linaloeleza kwa nini basi liendalo kasi hunywa mafuta kwa pupa.

Railton alilivua gari lote na kulivika umbo jipya. Magurudumu ya nyuma yakawa mawili kila upande ili yashike vizuri. Kwenye pua aliweka mwanya wa kuingizia hewa ya kupoza rejeta, wenye kifuniko ambacho dereva angekifunga anapokaribia kipimo. Kwa sekunde chache injini ingekosa hewa ya kuipoza, lakini gari lingepenya kwa urahisi zaidi. Nyuma palikuwa na mabawa ya kuinuliwa ili hewa, yule adui, isaidie breki. Machi 7, 1935, Daytona, walipata kilomita 445 tu. Campbell alikubali kwamba kosa halikuwa la gari. Ufuo ulikuwa umemshinda.

Septemba akahamia uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah. Chumvi ni ngumu, tambarare, haina bahari ya kuiharakisha, na mstari mweusi ulichorwa kumwongoza dereva katika weupe ule. Uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, lakini safari hii hewa nyembamba ilikuwa rafiki, kwa kuwa injini ilikuwa na mtambo wa kusukumiwa hewa. Asubuhi ya Septemba 3, 1935, katika safari ya kwanza, Campbell alipita maili ile kwa chini ya sekunde 12. Alipokuwa akielekea kusimama, tairi moja la mbele lilipasuka likashika moto. Gari lilikuwa bado katika mwendo wa kutisha. Alilizuia lisitoke njiani hadi liliposimama, na mafundi wakiongozwa na Leo Villa wakazima moto na kubadilisha magurudumu yote sita, saa ikihesabu. Akarudi.

Waamuzi wakatangaza wastani wa maili 299.9 kwa saa, pungufu kidogo mno ya 300 alizozitafuta. Fikiria hali yake, mtu wa miaka 50, mwenye harufu ya mpira ulioungua bado puani. Baadaye waamuzi wakagundua kosa katika hesabu zao, kosa la takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde katika safari ya pili. Rekodi sahihi ilikuwa maili 301.13, yaani kilomita 484.6. Nimewahi kuitumia sehemu hiyo moja ya kumi ya sekunde kuwanyamazisha wanafunzi wanaolalamika kwamba nawakata alama kwa desimali.

Tulinganishe mwanzo na mwisho. Kutoka 1924 hadi 1935 kasi yake iliongezeka mara 2.06. Kwa kanuni ya mchemraba, lile Sunbeam la nguvu farasi 350 lingehitaji zaidi ya nguvu farasi 3,000 kufikia kasi ya Bonneville. Blue Bird lilikuwa na kama 2,300. Hewa nyembamba ya Utah ilichangia sehemu ya pengo hilo, lakini sehemu kubwa ilizibwa na kalamu ya Railton.

Baada ya hapo aliacha ardhi akageukia maji, na mwaka wa 1939 alifikia kilomita 228 kwa saa katika ziwa Coniston. Alifariki Desemba 31, 1948, baada ya kupatwa na kiharusi. Alikufa nyumbani, jambo lisilo dogo ukikumbuka Parry-Thomas aliyefia Pendine na Segrave aliyefia ziwani Windermere mwaka wa 1930. Mwanawe Donald alirithi jina la Blue Bird pamoja na fundi Villa, akafikia kilomita 648 katika ziwa kavu la Eyre, Australia, mnamo Julai 1964. Donald aliangamia Coniston Januari 4, 1967, akiifukuzia rekodi ya majini. Villa alikuwapo ufukoni.

Lile Sunbeam la kwanza limehifadhiwa katika makavazi ya magari ya Beaulieu, Uingereza. Injini yake ilinyamaza kwa miongo mingi hadi mafundi walipoifanya ingurume tena mwaka wa 2014. Julai 2015, miaka 90 baada ya kuvuka maili 150 kwa saa, lilirudishwa Pendine, likawashwa tena juu ya mchanga uleule mbele ya watu. Safari hii hapakuwa na haja ya kukimbia.